Alama ya kidole si siri: kwa nini haiwezi kurithi nafasi ya nywila kila mahali

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa,

Mara kwa mara tunasoma matangazo yanayodai kwamba zama za nywila zimekwisha, na kwamba kuanzia sasa kidole, uso au jicho la mtumiaji litatosha kufungua kila kitu. Nimefungua uzi huu kwa sababu madai hayo yanachanganya mambo mawili ambayo katika usalama wa kompyuta ni lazima yatenganishwe: kujitambulisha, na kuthibitisha kwamba anayejitambulisha ndiye mwenyewe. Jina la akaunti hutambulisha. Nywila huthibitisha, kwa kuwa hakuna mwingine anayetarajiwa kuijua. Alama ya kidole iko karibu zaidi na jina la akaunti kuliko na nywila, kwani tunaiacha kwenye kila bilauri, kila kitasa cha mlango na kila kioo cha simu tunachokigusa. Na nyuso zetu hupigwa picha kila tunapopita mbele ya kamera. Kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukiona au kukiokota hakiwezi kuitwa siri, hata kama ni cha pekee duniani.

Sisemi hivyo kwa kuitetea nywila, ambayo ina historia ndefu ya aibu. Ilianza kutumika kwenye kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambako Fernando Corbató na wenzake walijenga mfumo wa CTSS uliowawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa chuo hicho, Allan Scherr, akitafuta saa zaidi za kutumia kompyuta, aliiagiza mashine imchapishie faili lenye nywila zote, nayo ikamchapishia. Mwaka 1966 hitilafu ya programu iliwaonyesha nywila za watu wote wale waliokuwa wakiingia kwenye mfumo huo. Ndipo wataalamu walipoanza kukubali kwamba nywila haipaswi kuhifadhiwa jinsi ilivyo. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza namna mfumo wa Unix unavyohifadhi matokeo ya hesabu ya upande mmoja badala ya nywila yenyewe, yaani hesabu iliyo rahisi kwenda mbele na ngumu mno kurudi nyuma, tena iliyochanganywa na namba ya kubahatisha ili watu wawili waliochagua nywila moja wasionekane kuwa sawa ndani ya faili.

Maarifa hayo yalikuwepo kwa miaka 30 pale kampuni ya RockYou ilipodukuliwa mwaka 2009 na ikabainika kwamba nywila zaidi ya milioni 32 zilikuwa zimehifadhiwa waziwazi, bila hesabu yoyote juu yake. Iliyoongoza kwa kutumiwa na watu wengi ilikuwa 123456. Mwaka 2012 ikawa zamu ya LinkedIn, ambayo ilikuwa imefanya hesabu hiyo lakini bila kuongeza namba ya kubahatisha, na kwa hiyo kazi ya kuzifumbua nywila hizo ikawa nyepesi. Mtumiaji hakuwa na kosa katika uzembe huo, ingawa ndiye aliyeambiwa abadilishe nywila.

Mtumiaji amedhulumiwa pia na kanuni mbaya. Mwaka 2003 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo ulioandikwa na Bill Burr ambao ulihimiza herufi kubwa, tarakimu na alama maalumu pamoja na kubadilisha nywila kila baada ya muda fulani. Dunia nzima iliufuata. Matokeo yake watu waliandika neno lilelile na kuongeza 1, kisha 2, kisha 3, kwa sababu akili ya binadamu haikuumbwa kukariri mifuatano isiyo na maana kila baada ya miezi mitatu. Mwaka 2017 NIST iliachana na kanuni hizo, na Burr mwenyewe alikiri hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwongozo mpya unathamini urefu kuliko mapambo, unapinga kumlazimisha mtu abadilishe nywila pasipo dalili kwamba imevuja, na unaitaka mifumo ikatae nywila ambazo tayari zimo kwenye orodha zilizovuja. Anayetaka nywila imara anaweza kurusha dadu na kuchagua maneno sita kutoka orodha ya maneno 7,776, mbinu iliyobuniwa na Arnold Reinhold mwaka 1995. Idadi ya michanganyiko inayowezekana inazidi 2 ikifuatiwa na sifuri 23.

Hata hivyo, nywila ya namna hiyo ina udhaifu ambao urefu hauutibu. Mwenyewe anaweza kuitoa kwa mikono yake. Ukurasa bandia unaofanana na wa benki au wa barua pepe unapomwomba aiandike, anaiandika yote kikamilifu, na uimara wake unamnufaisha mwizi sawasawa na ambavyo ungemnufaisha yeye. Huu ndio mlango ambao wadukuzi wengi huutumia leo, wala hawahitaji kukisia chochote.

Hapo ndipo alama za mwili zinapoonekana kuwa mkombozi. Kidole hakisahauliki na hakiandikwi kwenye karatasi. Lakini tazama yaliyokwisha kutokea. Mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama, Japani, pamoja na wenzake, walitengeneza vidole bandia kwa jelatini, kitu cha bei ndogo kinachopatikana jikoni, wakavihadaa visomaji vya alama za vidole vilivyokuwa vikiuzwa wakati huo. Septemba 2013 Apple ilitoa simu ya iPhone 5s yenye Touch ID, yaani kisomaji chake cha alama ya kidole, na siku chache tu baadaye wanachama wa klabu ya wadukuzi ya Ujerumani, Chaos Computer Club, walionyesha jinsi ya kuipita kwa alama iliyopigwa picha juu ya kioo. Mwaka uliofuata Jan Krissler, wa klabu hiyohiyo, alionyesha kwamba ameiunda upya alama ya kidole gumba ya Ursula von der Leyen, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani, kwa kutumia picha zilizopigwa hadharani kwa kamera ya kawaida. Waziri hakuguswa wala kifaa chake hakikuibwa. Alisimama tu mbele ya wapiga picha.

Mtu aliyeibiwa nywila huibadilisha jioni hiyohiyo. Aliyeibiwa alama za vidole anabaki na vidole vilevile hadi kufa. Mwaka 2015 ilifahamika kwamba wadukuzi waliingia kwenye kumbukumbu za ofisi ya utumishi ya serikali ya Marekani, OPM, wakachukua taarifa za watu milioni 21.5, na kati yao alama za vidole za watu milioni 5.6. Watu hao hawawezi kupewa alama mpya. Kila mfumo watakaosajiliwa ndani yake kwa miongo ijayo utatumia alama ambazo nakala zake zinashikiliwa na mtu mwingine. Ndiyo maana nashangazwa na wepesi wa taasisi zinazokusanya alama za wafanyakazi na wateja na kuziweka zote kwenye seva moja, kana kwamba zinakusanya orodha ya mahudhurio.

Kuna jambo la tatu lisilozungumzwa vya kutosha. Nywila ama ni sahihi ama si sahihi. Herufi moja ikikosewa, mlango haufunguki. Alama ya mwili haifanyi kazi hivyo. Kidole hakisomwi kwa namna ileile mara mbili, kwa sababu ya jasho, vumbi, baridi au pembe ya kukigusisha, na kwa hiyo mashine hupima ukaribu wa alama mbili na kuamua kama unatosha. Anayeuza kifaa ndiye anayechagua kiwango cha kutosha. Akikilegeza, wasiohusika watapita; akikikaza, wenye haki watakataliwa na kulalamika. Hakuna kiwango kinachoondoa makosa yote mawili kwa pamoja. Apple husema kwamba uwezekano wa kidole cha mtu wa kubahatisha kufungua Touch ID ni 1 kati ya 50,000, na kwa Face ID, yaani utambuzi wake wa uso, ni 1 kati ya 1,000,000. Kwa simu moja yenye mwenyewe mmoja, hizo ni namba nzuri. Lakini chukua mfumo unaokosea mara 1 kati ya 100,000, uuweke mbele ya kumbukumbu za watu 1,000,000, kisha uulize "huyu ni nani?" badala ya "huyu ndiye fulani?" Kwa wastani utaletewa watu 10 wasiohusika kwa kila swali moja. Teknolojia ni ileile, lakini namna ya kuuliza imeigeuza kuwa hatari.

Kwa hiyo swali la alama za mwili dhidi ya nywila, jinsi linavyoulizwa mara nyingi, halina jibu. Linalofaa kuulizwa ni hili: alama inalinganishwa wapi, na ikishakubaliwa, ni kitu gani kinachosafiri kwenda upande wa pili?

Mchangiaji wa pili

Nashukuru kwa uzi huu, mkuu. Naomba ufafanuzi. Kama alama ya kidole si siri, mbona simu nyingi za kisasa zinaiamini, na mbona wataalamu haohao wanatushauri tuiwashe? Mimi naona tangu nianze kutumia kidole simu yangu imekuwa salama zaidi, kwa kuwa zamani nilikuwa naiacha bila kufuli kwa kuchoka kuandika namba kila wakati.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, umegusa kiini cha suala. Ndani ya simu yako kidole hakifanyi kazi ya nywila. Kinafanya kazi ya kumruhusu mtu ambaye tayari amekishika kifaa, na hilo linabadilisha hesabu yote. Mwizi aliye nchi nyingine, mwenye nakala ya alama yako, hawezi kuituma kwenye simu yako kupitia intaneti. Ni lazima aipate simu yenyewe, atengeneze kidole bandia, na afanikiwe ndani ya majaribio machache. Kwenye iPhone, baada ya majaribio matano yaliyoshindwa, au baada ya simu kuzimwa na kuwashwa, kidole hukataliwa na namba ya siri huhitajika. Tazama utaratibu huo kwa makini: mamlaka ya mwisho yamebaki kwa kitu unachokijua, na kidole ni njia ya mkato iliyokubaliwa kwa masharti. Vilevile, alama iliyosajiliwa haiondoki ndani ya kifaa. Inatunzwa katika sehemu iliyotengwa ya chipu, nayo hutoa jibu moja tu, ndiyo au hapana.

Faida uliyoitaja ni ya kweli, na sitaki ipuuzwe. Simu iliyofungwa kwa kidole ni salama mara nyingi zaidi kuliko simu isiyofungwa kabisa. Tena kidole kinamruhusu mtu achague namba ya siri ndefu, kwa kuwa haiandiki mara nyingi, na kinamkinga dhidi ya mtu anayechungulia begani akiiandika.

Pamoja na hayo, utekelezaji mbovu unaweza kuharibu wazo zuri. Mwaka 2019 iligundulika kwamba kisomaji cha Samsung Galaxy S10 kilikubali kidole cha mtu yeyote pale simu ilipofunikwa kwa aina fulani za kava za silikoni, na mwaka huohuo Google Pixel 4 ilitoka ikiwa na uwezo wa kufunguliwa kwa uso wa mtu aliyefumba macho, maana yake hata aliyelala. Kampuni zote mbili zilisahihisha kasoro hizo kwa programu mpya. Sauti nayo ina mashaka yake: mwaka 2017 mwandishi wa habari wa BBC alifungua akaunti katika benki iliyotumia utambuzi wa sauti, na ndugu yake pacha akafanikiwa kuingia kwa simu kwa kuiga sauti hiyo. Leo programu za kutengeneza sauti bandia zinahitaji sampuli fupi tu, na mtu hahitaji tena kuwa na pacha.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niongeze upande ambao wataalamu wa mitambo huusahau. Kuna watu ambao mashine hazisomi alama zao. Wanaofanya kazi ya mawe, saruji na kemikali huchakaa ncha za vidole. Wazee hupoteza ule ukali wa mistari. Dawa ya saratani iitwayo capecitabine inaweza kuzifuta alama kabisa. Na wapo waliozaliwa bila alama kutokana na kasoro ya jeni moja iliyotambuliwa mwaka 2011. Mtu wa namna hiyo akiambiwa kwamba mlango pekee ni kidole, amefungiwa nje ya haki yake pasipo kosa lolote.

Kuhusu uso, hali inatuhusu sisi weusi moja kwa moja. Mwaka 2019 NIST ilichapisha matokeo ya kupima programu 189 za utambuzi wa uso, ikaonyesha kwamba kwa nyingi kati ya hizo, kosa la kudhani kwamba watu wawili tofauti ni mtu mmoja lilikuwa kubwa zaidi kwa nyuso za watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na tofauti hiyo mara nyingi ilikuwa kati ya mara 10 na mara 100. Programu bora zaidi zilikuwa na tofauti ndogo, hivyo ubaguzi huo si hatima ya teknolojia. Huenda unatokana na nyuso zilizotumika kuifundisha. Lakini anayenunua mfumo bila kuuliza ulipimwa kwa nyuso za nani, ananunua mlango unaofunguka kwa urahisi zaidi kwa mwizi anayefanana naye.

Mwanzisha uzi

Nakuunga mkono kabisa, na mchango wako unaongeza uzito kwenye hoja ya kuwa na njia mbadala. Kila mfumo wa alama za mwili unapaswa kuwa na mlango wa pili, na mlango huo usiwe dhaifu kuliko wa kwanza. Nimeona mifumo inayojivunia kisomaji cha kisasa huku ikimruhusu yeyote aliyebofya "nimeshindwa" kuingia kwa kutaja tarehe ya kuzaliwa. Mdukuzi hatajisumbua na kisomaji.

Kuna na suala la kulazimishwa, ambalo si la kinadharia. Mwaka 2005 nchini Malaysia, wezi wa gari lililokuwa na kufuli la alama ya kidole walimkata mwenye gari kidole ili waweze kuliwasha. Nywila inaweza kufichwa, kukataliwa au kusahauliwa. Kidole kinaweza kushikwa kwa nguvu na kugusishwa, na uso unaweza kuelekezwa kwenye kamera kabla mwenyewe hajasema neno. Anayebeba taarifa za watu wengine, kama mwanasheria, mwandishi wa habari au daktari, ana sababu ya kuzima kidole na uso kabla ya kuingia mahali ambapo kifaa chake kinaweza kuchukuliwa.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni msimamizi wa mifumo katika ofisi ya watu wasiozidi mia mbili. Uongozi umeletewa pendekezo la kufuta nywila zote na kuweka visomaji vya vidole kwenye kila kompyuta, na alama zote zitunzwe kwenye seva ya muuzaji. Nimepewa jukumu la kutoa maoni. Ungekuwa mimi ungeandika nini?

Mwanzisha uzi

Ningeandika kwamba visomaji vinakubalika na seva haikubaliki. Mwongozo wa NIST wa mwaka 2017 uko wazi: alama ya mwili haihesabiwi kuwa siri, na inaruhusiwa tu pale inapoambatana na kifaa mahususi cha mtumiaji, huku mwongozo huohuo ukipendelea ulinganishaji ufanyike ndani ya kifaa. Pendekezo mliloletewa linakwenda kinyume cha hilo. Muulize muuzaji, kwa maandishi, seva yake ikidukuliwa wafanyakazi wako watapewa nini badala ya vidole vyao.

Kisha ningependekeza kile ambacho viwango vya kimataifa tayari vinakiwezesha. Umoja wa FIDO, unaounganisha kampuni za teknolojia, ulizinduliwa mwaka 2013 kwa lengo la kupunguza utegemezi wa nywila, na Machi 2019 shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliidhinisha WebAuthn kuwa kiwango rasmi cha kuingia kwenye tovuti bila nywila. Utaratibu wake ni huu: kifaa cha mtumiaji hutengeneza funguo mbili kwa kila tovuti, mmoja wa siri unaotunzwa upande wa mtumiaji bila kuonyeshwa kwa tovuti yoyote, na mwingine wa umma unaopelekwa kwenye seva. Wakati wa kuingia, seva hutuma fumbo, kifaa hulitia saini kwa ufunguo wa siri, na seva huikagua saini kwa ufunguo wa umma. Kidole au uso hutumika kuruhusu saini hiyo tu, na asiyeweza kutumia kidole hutumia namba ya siri ya kifaa. Seva haina alama wala nywila. Ikidukuliwa, mwizi anapata funguo za umma ambazo haziwezi kumwingiza popote.

Kwangu, uzuri mkubwa zaidi uko katika kuzuia ile hadaa ya kurasa bandia niliyoitaja mwanzoni. Ufunguo umefungamanishwa na anwani ya tovuti halisi. Mtumiaji akipelekwa kwenye ukurasa bandia, hata akidanganyika kabisa, kifaa chake hakitapata ufunguo wa kutumia kwa sababu anwani haifanani. Ulinzi hautegemei tena jicho la mtu aliyechoka saa kumi jioni. Mei 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja kwamba zitapanua matumizi ya funguo hizi kwenye vifaa vyao, hivyo kompyuta nyingi zilizonunuliwa miaka ya karibuni zinaweza kuutumia utaratibu huu bila ununuzi mkubwa.

Upungufu upo, nao ni katika kurejesha akaunti. Mfanyakazi akipoteza kifaa chake pekee, anahitaji njia ya kurudi, na njia hiyo ikiwa ni ujumbe mfupi wa simu au kumpigia msimamizi mwenye huruma, kazi yote ya ufunguo imepotea. Mpe kila mfanyakazi vifaa viwili vilivyosajiliwa, au ufunguo mdogo wa USB wa akiba unaofungiwa kabatini, na uweke utaratibu wa maandishi wa kuthibitisha utambulisho ana kwa ana kabla ya kusajili kifaa kipya. Kwa mifumo ya zamani isiyokubali funguo hizi, bakiza nywila ndefu zinazotunzwa kwenye programu maalumu ya kutunza nywila, kila mfumo na ya kwake, na uongeze uthibitisho wa hatua ya pili, yaani wa kitu kingine zaidi ya nywila.

Na kama kuna wafanyakazi ambao tayari wamechukuliwa alama kwa ajili ya majaribio ya pendekezo hilo, omba zifutwe sasa, na uombe uthibitisho wa kufutwa kwake, kabla mkataba haujasainiwa, na kabla mtu mwingine hajawa na sauti juu ya alama hizo.